Kuhani asiyewasha moto: Player's Handbook kwenye meza yetu ya Rau

Kitabu hiki nilikipata kwa sababu ya bisi.

Mimi ni mpishi wa mlimani, Kilimanjaro. Kuna tripu moja ya njia ya Machame tulikuwa na wageni watano, na tulipofika kambi ya Barranco mvua ikaanza saa saba mchana isikatike mpaka usiku. Saa kumi nikapeleka chai na bisi kwenye tenti ya kulia nikijua nitakuta watu wamenuna. Nikakuta wamezunguka meza, karatasi zimejaa namba, mmoja anarusha dadu lenye pande 20 na wengine wamekunja ngumi kama wanangoja penalti. Wakaniuliza, nikiwa bado nimeshika sinia: "Mpishi, tuingie kwa mlango au kwa dirisha?" Nikasema dirisha. Wakafa wawili.

Siku ya kugawa tipu mjini Moshi, mmoja wa wale marehemu akanipa bahasha, jaketi, na kitabu alichokuwa amekiacha hotelini: Player's Handbook ya Dungeons & Dragons, yaani kitabu cha mchezaji wa mchezo huo wa mezani wa kuigiza wahusika, toleo la 2014, jalada gumu lenye picha ya jitu la moto, kurasa 320. Nimekaa nacho masika mbili sasa, na mtu wa mlimani masika ndiyo likizo yake. Aprili na Mei wageni ni wachache, wagumu, yaani wapagazi, wanarudi kwenye migomba yao, na mimi Jumapili baada ya ibada ninakwenda Rau, hapa Moshi, kwa mwalimu mmoja wa fizikia. Huyo ndiye Msimulizi wetu. Anaeleza kilichopo, sisi tunasema tunafanya nini, dadu linaamua kama tumeweza. Mchezo una miaka mingi, Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974, lakini kwenye meza yetu ulianza siku nilipobeba kitabu hiki kwenye mfuko wa Rambo.

Sitakihakiki chote. Kina aina 12 za wahusika na mimi nimecheza aina moja tu, kuhani, mara mbili. Nitasema kinavyomsaidia, na kinavyomtelekeza, mtu anayetaka kumchagulia kuhani wake mungu na milki.

Kwanza maneno, maana tuligombana nayo. Mhusika mwenyewe hatukumwita mchungaji wala padri, kwa sababu dada wa duka la dawa, mchezaji mwenzetu, alisema hawezi kumchungulia mchungaji akipiga watu rungu halafu Jumapili ijayo akapokee sakramenti kwake. Kuhani ikakaa. Kile kipande cha uwezo ambacho mungu anamkabidhi kuhani wake tulianza kukiita mamlaka. Tukaacha baada ya wiki moja, kila aliyetaja mamlaka tulimuuliza kama ana risiti ya EFD, kana kwamba tumetoka Mamlaka ya Mapato. Sasa tunasema milki. Anachofanya kuhani ni miujiza, anachofanya mchawi ni uchawi, na wafu wanaotembea, ambao kila kuhani kuanzia ngazi ya pili ya ukuaji wake anaweza kuwafukuza, ni misukule. Hilo la misukule halikuhitaji kikao.

Sasa milki inafanya nini? Ukienda getini Machame utaona mizani. Mzigo wa mgumu ni kilo 20, ukizidi unapunguzwa palepale, lakini begi lake la nguo haliingii kwenye hesabu hiyo. Kuhani naye kila asubuhi anafunga miujiza atakayotembea nayo, idadi ni ngazi yake pamoja na nyongeza ya hekima yake. Wangu alianza na minne. Milki ndiyo begi la nguo: inakupa miujiza miwili zaidi ambayo umeibeba kila siku, haipimwi, huwezi kuisahau kambini. Kila ngazi mbili inaongezeka mingine miwili mpaka ya tisa. Juu ya hapo kila milki ina vipawa vyake ambavyo kuhani mwingine hana. Kwa hiyo mungu unaweza kumbadilisha jina usiku mmoja na mchezo usitikisike. Ukikosea milki utaijutia miezi mitatu.

Toleo la 2014 lina milki saba: Uhai, Nuru, Maarifa, Asili, Tufani, Hila na Vita. Zimeandikwa vizuri. Kila moja ina nusu ukurasa au zaidi kidogo, inaanza kwa kukueleza ni miungu ya namna gani inayoishika, halafu vipawa kwa ngazi. Nilisoma zote saba usiku mmoja kwa tochi ya kichwani, na Kiingereza changu ni cha kuulizia nani hali nyama.

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa ushauri wa meza. "Kaka, wewe ni mpishi, chukua Uhai." Nikachukua Uhai. Mungu nikamtoa kwenye jedwali lao, Lathander, wa kuzaliwa na kufanywa upya, alama yake ni njia inayoelekea kwenye jua linalochomoza. Niseme kweli, milki hiyo ina nguvu. Muujiza wa kuponya majeraha unarusha dadu la pande nane na kuongeza hekima. Kuhani wa Uhai anaongeza tena mbili pamoja na ngazi ya muujiza. Mwanzo kabisa, nyongeza ya hekima ikiwa tatu, hata dadu likikupa moja unarudisha pointi saba za uhai, na mchawi wa binamu yangu mwili mzima alikuwa na pointi saba. Anakufa, anaamka mzima. Anavaa pia deraya nzito. Ngazi ya pili unapata pointi 10 za kugawia watu kwa mara moja, sharti usimpandishe mtu kupita nusu ya uhai wake, na pale nilijisikia nimeshika upawa mbele ya sufuria ya uji.

Na hilo ndilo lililonichosha. Kwa miezi mitatu sikusikia sentensi nyingine: kaka niponye, kaka na mimi, kaka umebakiza? Hakuna aliyemwuliza kuhani wangu anaamini nini, anatoka wapi, kwa nini yuko shimoni na watu hawa. Mlimani nikiuliza wageni wameionaje siku, wananijibu supu ilikuwa nzuri. Sikuhitaji kulipia nauli ya Rau kwenda kupata kitu kilekile. Siilaumu milki, najilaumu niliyeichukua kwa sababu ya kazi yangu badala ya kwa sababu ya hamu yangu. Dada wa duka la dawa, ambaye naye mchana kutwa anaulizwa dawa, alikuwa mjanja, alichukua mwizi.

Masika ya pili nikaanza upya, na safari hii nikataka mungu kwanza. Hapo ndipo kitabu kilipoanza kuniangusha.

Miungu iko mwishoni kabisa, kwenye kiambatisho. Kuna maelezo mafupi ya kila kundi, halafu majedwali: jina na kazi yake, mwelekeo wake wa wema au uovu, milki zinazopendekezwa, alama. Basi. Kelemvor, mungu wa wafu, mkono wa mifupa ulioshika mizani. Tymora, wa bahati njema, sarafu iliyolala uso juu. Talos, wa tufani, naye amewekwa upande wa waovu kabisa. Inasomeka kama daftari la stoo. Nikiwa stoo hilo daftari linanitosha, najua mchele uko wapi. Lakini mtu anayetaka kumcheza kuhani anataka kujua mungu wake hataki nini. Anakataza chakula gani? Kuhani akikosea anarudishwaje kundini? Kuna siku ambayo hagusi silaha? Kitabu kina Zeus na kina Thor na kina Osiris, na kwa wote majibu ya maswali hayo hayapo. Milki saba zimepewa nyama na mifupa, miungu mingi hivyo imepewa mstari mmojammoja.

Makundi yenyewe ni ya dunia zao za kubuni, kisha Wakelti, Wagiriki, Wamisri na watu wa kaskazini ya Ulaya. Afrika nzima imewakilishwa na Misri. Silii juu ya hilo, kwa sababu kitabu chenyewe kinasema Msimulizi ndiye anayeamua dunia yake ina miungu gani, na sisi tukaichukua ruhusa hiyo kwa mikono miwili. Nikasema: kuhani wa Ruwa, milki ya Tufani.

Mwalimu akanyamaza. Nilipopanda Marangu kumsalimia bibi nikamweleza kwa kujisifu, nikidhani atafurahi mjukuu anakumbuka mambo ya wazee. Akaweka kikombe chini. "Ruwa nimwimbie kanisani asubuhi, wewe jioni umrushie kete?" Alikuwa na haki. Kwenye Kichagga Ruwa ni jua na ndilo jina la Mungu, wamisionari walilikuta wakalitumia, na mpaka leo ukienda ibada ya Kichagga ndilo linalotajwa. Ningekuwa nimemweka Mungu wa bibi yangu kwenye karatasi yenye safu ya pointi. Rafiki yetu wa bodaboda, kwao Monduli, akasema na Engai, Mungu wa Wamasai, asiguswe, watu wanamwomba mvua. Tangu siku hiyo meza ina sheria: mungu anayeombwa na mtu yeyote tunayemjua haingii mchezoni. Mtu akiniuliza ushauri mmoja kabla ya kufungua kile kiambatisho, nitampa huo, hasa kama anachezea sebule yenye msalaba ukutani.

Bibi mwenyewe ndiye aliyenitoa. "Kama mnataka hadithi, si mna Kibo na Mawenzi?"

Ni vilele viwili vya Kilimanjaro, na hadithi yao Mchagga yeyote aliyelala nyumbani kwa bibi yake anaijua, kila nyumba na namna yake. Ya kwetu ni hii. Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza jiko. Moto ukimzimikia anakwenda kwa Kibo kuomba kaa. Kibo anampa kaa na ndizi juu yake. Mawenzi akaona faida, njiani akalizima kaa makusudi akarudi: mwenzangu, limezimika. Akapewa tena. Mara ya tatu Kibo alikuwa anatwanga, akamgeukia na mchi. Ndiyo maana leo Kibo ana mita 5,895 na kichwa cha mviringo, na Mawenzi yuko pembeni na mita 5,149, kachongoka na kuchanika kama meno ya msumeno. Nimempikia mtu chini ya Mawenzi mara nyingi kuliko nilivyokula Krismasi, na sikuwahi kumfikiria kama mungu. Mungu aliyepigwa! Nikasema huyu ndiye wangu.

Jioni nzima hatukurusha dadu, tulibishana ni wa milki ipi. Binamu alisema Nuru, kwa kuwa habari yake yote ni moto, na makuhani wa Nuru kweli wana miujiza ya kuunguza. Wa bodaboda akasema Vita, kwa kuwa ana makovu. Mwalimu akasema kuna kitabu kingine, Xanathar's Guide to Everything cha 2017, chenye milki ya Mhunzi na ya Kaburi, labda Mhunzi. Dada akawakata: "Huyo ni mwongo tu. Hila." Na kila mmoja alikuwa na kuhani tofauti mkononi, kutoka kwa mungu mmoja. Hapo niliielewa milki kuliko nilivyoisoma. Kumbe milki inakuambia ni sehemu gani ya hadithi ya mungu kuhani huyu ameishika. Mwingine wa hekalu hilohilo anaweza kushika nyingine na wakachukiana.

Nikachukua Hila, na miiko tukaitunga sisi, miwili tu. Kuhani wa Mawenzi hawashi moto kwa mkono wake, anaomba. Na mlango mmoja anaomba mara mbili, ya tatu ni mchi. Alama yake takatifu ni kigae chenye kaa lililozimika. Tatizo likaja palepale kwenye vifaa: kifurushi cha kuhani kwenye kitabu kina mishumaa 10 na vyombo vya kuwashia. Mishumaa nikabaki nayo, vya kuwashia nikamkabidhi dada mwizi.

Ambaye alitumbukia navyo mtoni mchezo wa tatu.

Tulikuwa kwenye theluji, usiku, hatuna mchawi maana binamu alishahamia mpiganaji. Ng'ambo ya bonde moshi unafuka kwenye kibanda cha jitu. Wote wakanigeukia, kama zamani, ila sasa hawakusema niponye, walisema: meku, nenda kaombe. Nikatumia muujiza wa kujigeuza sura nikawa bibi kizee. Nikataka kumlainisha jitu kwa muujiza wa kumvuta moyo, ambao ni wa milki yangu, begi la nguo. Mwalimu akanisomea kwa sauti: unafanya kazi kwa wenye umbo la kibinadamu, na kwa hesabu ya kitabu majitu ni kundi jingine. Umepotea bure. Kwa hiyo ikabidi niombe kwa mdomo wangu, kwa kweli, dakika 10 nzima mezani, bibi kizee anamsifia jitu mbuzi wake. Nikapewa kaa na paja la mbuzi. Likazimika kwenye barafu, dadu likatoa mbili. Nikarudi. Nikapewa tena, kwa matusi. Upepo ukalichukua.

Mara ya tatu siwezi. Mwiko. Hapo ndipo nilipotumia baraka ya Hila: namgusa mtu, kwa saa nzima akinyata anarusha dadu mara mbili na kuchukua kubwa. Nikamgusa dada, akaingia kuiba kaa la moto kwenye sufuria huku mimi nimesimama mlangoni mwa jitu nikilitazama lisitoke, sina ninachoomba. Sijawahi kufurahi hivyo na kitabu cha mtu. Katika jedwali lao hakuna mungu ambaye angenipeleka kwenye mlango ule.

Nisiipambe milki ya Hila, ina mapungufu. Baraka ile huwezi kujipa mwenyewe, ni ya mwingine tu, kwa hiyo kuhani mwizi anabaki kelele peke yake kwenye kundi. Kile kipawa cha ngazi ya pili cha kutoa taswira yako mahali pengine kinakula zamu yako na kinakutaka ukikazie akili, ukipigwa kinaweza kupotea. Deraya nzito hupewi. Ukicheza na watu wanaohesabu madhara kila zamu watakuona mzigo.

Toleo la 2024 limerekebisha hayo. Nililiona Arusha, Sakina, kwa mpwa wa Mwalimu, nikalishika mchana mmoja: kurasa 384, picha safi sana. Baraka ya Hila sasa unaweza kujipa mwenyewe, na taswira haikuli zamu yote. Jingine nililolipenda ni kwamba milki unaichagua ngazi ya tatu, ilhali la kwangu linakudai siku ya kwanza, kabla hujajua wenzako ni watu gani. Kama ningekuwa na hilo nisingekuwa mpika uji miezi mitatu. Lakini milki zimebaki nne tu: Uhai, Nuru, Hila na Vita. Tufani haimo, na Tufani ni tamu, mtu akikupiga kwa karibu unamjibu kwa radi madadu mawili ya pande nane. Maarifa na Asili hazimo pia, ingawa Asili sikuwahi kuona mtu akiililia.

Kama unataka kumjaribu kuhani bila kununua kitu, kampuni inatoa kanuni za msingi bure, na zile za toleo la 2014 zinafunguka kwenye simu bila shida. Ila kuhani aliyemo ni wa Uhai peke yake. Umeonywa.

Kwangu mimi: sura ya kuhani na milki zake saba ninaipa tisa kwa kumi. Kiambatisho cha miungu nne, na hizo nne ni kwa sababu ya alama, zinachoreka vizuri. Ukipata la 2014 lililotumika, hata likiwa na uti uliolegea kama langu, lichukue kabla ya jipya, halafu mungu umtafute kwa bibi yako.

Langu limebaki Rau, limevalishwa nailoni. Juni ninapanda, kwa hiyo tumebakiza Jumapili mbili, na kuhani wangu anaingia ngazi ya tano. Atapata muujiza wa kumrudisha aliyekufa kabla dakika moja haijapita, na kitabu kinadai almasi za thamani ya dhahabu 300 kila mara. Nimemwuliza Mwalimu kama tanzanite itakubalika, sisi ni watu wa huku. Amesema kimeandikwa almasi, niende mgodini Mwadui.